Mkono Mrefu na Pipa la Zege

Trekta likivuliwa kijiko cha mbele na kuvikwa mkono mrefu wa chuma, hubadilika hata tabia. Lilikuwa chombo cha kuinamia kazi: kuzoa mchanga, kusukuma samadi, kusawazisha njia iliyochimbwa na mvua za masika. Sasa limenyoosha shingo. Mkono unaanzia kwenye pini zilizokuwa zikishika kijiko, unakwenda mbele na juu, na kwenye ncha yake pananing'inia kipande cha mnyororo na kulabu. Mmoja wa namna hiyo nimeutazama kwa muda mrefu katika karakana ya shamba la mkonge mkoani Tanga, mahali ambapo chuma chakavu hakitupwi, hupumzishwa tu kikingoja kazi nyingine. Mkono huo una rangi tatu kwa sababu umetokana na vitu vitatu. Hauna jina la kiwanda wala namba ya toleo. Lakini ukiitoa ngoma ya korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, au ukilipandisha robota la nyuzi kwenye lori, kila aliyepo huacha anachofanya na kutazama juu. Macho hufuata kulabu. Hufuata ule wakati mfupi ambapo kitu kizito kinaachana na ardhi na kivuli chake kinajitenga nacho. Katika watazamaji hao sijapata kumwona anayetazama nyuma ya trekta, ambako pipa lililojazwa zege limetundikwa. Nataka kukaa na pipa hilo. Njia ya kulifikia, hata hivyo, inapitia kwenye mkono wenyewe, maana asiyejua mkono unavyofanya kazi hawezi kujua pipa linaufanyia nini.

Kuutengeneza mkono kama huu hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji bomba la mraba lenye kuta nene, mabamba, pini, mashine ya kuchomelea, na mtu anayejua chuma kinaumia wapi. Hilo la mwisho ndilo adimu. Bomba la sentimita 10 kwa 10, lenye unene wa milimita 6, lina takribani kilo 17 kwa kila mita; mkono wa mita 3 umekwisha kujitwisha zaidi ya kilo 50 kabla haujaguswa na mzigo wa mtu yeyote. Fundi mzuri huuliza kwanza mkono utavutwa wapi na utabanwa wapi. Mzigo ukining'inia kwenye ncha, uso wa juu wa bomba huvutwa na uso wa chini hubanwa, na mshono uliokatiza uso wa juu kutoka upande hadi upande ni kuualika ufa. Kwa hiyo mabamba ya kuimarisha huwekwa ubavuni, na ncha zake huchongwa ziwe nyembamba, ili nguvu ihame polepole kutoka kwenye chuma kinene kwenda kwenye chuma chembamba. Kulabu nayo haichomelewi. Ilifuliwa na kukomazwa kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea utaifutia ugumu wote iliofunzwa. Fundi hutoboa sikio kwenye bamba, akapitisha pini, akaiacha kulabu ibembee kwa uhuru wake. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na watu wa mkonge wanaijua methali hiyo kwa vidole vyao. Fundi wa chuma angeongeza jambo ambalo kamba haikulisema: pabovu mara nyingi ni palepale palipotiwa moto ili paimarike. Chuma hupasuka kando ya mshono. Nguvu tuliyoiongeza mahali fulani huacha mpaka, na mpaka huo ndio unaopaswa kulindwa.

Kisha kuna sheria ya umbali, isiyojali ujuzi wa fundi wala ubora wa chuma. Robota la mkonge lina kilo 250. Mizani ya shambani na mizani ya bandarini zitasema namba hiyohiyo. Lakini litundike mita 4 mbele ya ekseli ya mbele ya trekta ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.2, na robota hilohilo litayapunguzia magurudumu ya nyuma takribani kilo 450, na kuitwisha ekseli ya mbele takribani kilo 700. Hakuna kilichoongezwa ila umbali. Tairi za mbele zinatandazika, usukani unakuwa mzito, na yale magurudumu makubwa ya nyuma, yenye kuvuta na yenye breki, yanaanza kuigusa ardhi kwa unyayo mwepesi. Jeki za kupindulia kijiko, zilizoundwa kushika mchanga ulio karibu na pini, sasa zimeambiwa zishike kitu kilicho mbali mara kadhaa ya hapo. Mafuta yanapenya penye sili zilizochoka, na mkono unaanza kuinama wenyewe bila dereva kugusa kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tunaambiwa, na methali hiyo humsuta anayetazama tu akidhani ni rahisi. Trekta linatufunulia jambo lililo ndani zaidi. Uzito hauko katika mzigo peke yake. Uko pia katika nafasi iliyopo kati ya mzigo na anayeubeba. Vitu viwili vyenye kilo sawa si vizito sawa, na mwenye kutaka kujua nani kabeba zaidi asitazame mizani tu, apime pia umbali.

Tunasema serikali ina mkono mrefu. Husemwa kwa kuonya: mwizi wa ng'ombe akimbie atakako, mkwepa kodi ajifiche atakapo, watafikiwa. Sijamsikia mtu akiufuatisha usemi huo kwa swali ambalo dereva wa trekta angeliuliza papo hapo: ukiwa umenyooka hivyo, unaweza kubeba kilo ngapi? Maana mkono mrefu hugusa mbali kuliko unavyonyanyua. Kugusa ni jambo jepesi. Hati ya kuitwa mahakamani ni karatasi moja, nayo hufika kijiji cha mwisho. Mtoza ushuru hufika kwa pikipiki. Dawa za zahanati, mwalimu wa hisabati, transfoma ya umeme, hivyo ni vizito, na kila kilomita kutoka makao makuu huvizidishia uzito. Mwanakijiji wa mwisho wa barabara huona ajabu kwamba mkono ulioweza kumkamata hauwezi kumwinua. Angekaa karakanani siku moja asingeona ajabu tena. Dereva ana tiba mbili tu za hesabu hiyo: kusogeza trekta karibu na mzigo, au kufupisha mkono. Nchi zetu zimejaribu kila moja kwa namna yake. Tanzania ilitangaza Madaraka Mikoani mwaka 1972. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ikaingia katika ugatuzi wa kaunti 47. Katika majaribio yote ya aina hiyo, hapo na kwingineko, raia ana haki ya kuinama na kuchungulia chini ya magurudumu: je, trekta limesogea kweli, au mkono uleule umeungwa kipande kingine?

Pwani ilikwisha kuzungumza na urefu tangu zamani, nayo ilizungumza kwa adabu. Ingia nyumba ya mawe ya Lamu, au ya Mji Mkongwe Unguja, utaona vyumba virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita 3 bila kuthubutu kupita sana hapo. Sababu iko juu ya kichwa. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu ambao ukizidi, mti utapinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Mwashi hakubishana na mti. Aliuachia useme upana, naye akachukua urefu. Akapanga vyumba kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na faragha zaidi ya kilichotangulia, akachonga zidaka ukutani ili macho yapate kina ambacho sakafu haikuweza kutoa. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kutoka Lamu na delta ya Rufiji zikavuka na upepo hadi Oman, Bahrain na Kuwait, na huko nako zikapima vyumba kwa kipimo chao. Watu wasiojuana, waliotenganishwa na bahari nzima, walilala chini ya upana mmoja kwa sababu mti mmoja ulikuwa umesema hapa ndipo uwezo wangu unapokoma. Napenda kufikiri kwamba uzuri wa nyumba zile umetokana na kukubali kwao. Aliyeujua mwisho wa boriti yake alianza kubuni pale pale ilipokoma. Asiyeujua angejenga ukumbi mpana, na ukumbi ungemwangukia.

Sasa tumefika kwenye pipa. Pipa la lita 200 likijazwa zege hukaribia nusu tani. Kabla zege haijakauka hupitishwa chuma, na likishakauka hutundikwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, ile iliyokusudiwa kushika jembe, mpango ulioenezwa na Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini kati ya vita viwili vikuu vya dunia, na ambao leo uko nyuma ya karibu kila trekta unaloliona. Huko nyuma umbali uliokuwa adui unageuka msaidizi: kadiri pipa linavyokaa mbali na ekseli ya mbele, ndivyo uzito wake unavyokwenda mbali katika kuliweka trekta chini. Pipa halinyanyui kitu. Halisogei, halina jeki wala kulabu. Kazi yake yote ni kukataa kuondoka. Mabaharia wetu walilijua jambo hili kwa jina la farumi. Jahazi lisilo na shehena ya kutosha hutiwa mawe au mchanga tumboni ili lisibwagwe na tanga lake lenyewe. Farumi haiuzwi bandarini, haiandikiwi hati, na ikishatimiza kazi hutupwa. Na katika ngalawa, upepo ukizidi, baharia hutambaa nje juu ya mrengu akajifanya uzito yeye mwenyewe, mgongo wake ukilowa mawimbi, ili mwenzake aendelee kushika usukani. Mawe ya jahazi na baharia wa mrengu wanafanya kazi moja ya kuzuia chombo kisipinduke. Lakini baharia aliona tanga, akaamua kutoka, na jioni atapewa fungu lake la samaki. Jiwe halikuulizwa na halina fungu. Kati ya hao wawili kuna njia panda ambayo kila kazi ya kuinua hupitia, iwe ya chuma au ya watu.

Shamba linalotumia mkono ule ni historia ndefu ya farumi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 zikaenea safu zilizonyooka kufuata reli, bonde baada ya bonde, hata kufikia 1964 Tanganyika ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza dunia. Ulimwengu ulitazama kulabu: kamba za meli, bei ya London, majengo ya Tanga, gati. Nyuma walikuwapo manamba, watu walioletwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Burundi na Msumbiji, na kuanzia 1944 wakiandikishwa kupitia ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU. Walikata majani yenye mwiba kwenye ncha, wakayafunga, wakayabeba hadi penye reli, wakahesabiwa kwa mafungu na kwa namba. Na nyuma ya manamba lilikuwapo pipa jingine, lililofichika zaidi. Ujira wa mwanamume aliyekuwa Tanga uliweza kuwa mdogo kwa sababu huko Songea palikuwa na shamba la mahindi, na mwanamke aliyelilima peke yake, akalea watoto na kuuguza wazee ambao mshahara ule haukuwahesabu. Robota lilipopanda melini, miguu yake ilikuwa imekanyaga hadi huko. Hakuna hati ya bandari iliyoandika mwanamke wa Songea. Lakini angeondoka yeye, akaacha kulima hata kwa msimu mmoja, mkono wote ungeinamia mbele.

Kila nyumba ina habari yake ya namna hii, na ni rahisi kuisimulia kwa machozi. Mmoja amefika mbali, chuoni, mjini, ughaibuni. Picha yake iko ukutani, na wageni huonyeshwa. Waliobaki hawana picha. Dada aliyeacha shule ili ada itoshe mtu mmoja, kaka aliyekaa na mifugo, shangazi aliyeuza kitenge chake kizuri. Sitaki kuwatungia shairi la sifa, kwa sababu sifa ni malipo rahisi mno kwa uzito wa namna hiyo, na mara nyingine ni njia ya kuwaomba waendelee kubaki. Nataka kutazama utaratibu wa kazi tu. Karakanani, pipa ndilo hufungwa kwanza, kabla kulabu haijagusa mzigo. Na ndilo hufunguliwa mwisho, mzigo ukiwa umekwisha kutua na mnyororo umelegea. Asiyejua hayo akifungua pipa wakati robota liko hewani, trekta litasimama kwa pua yake. Maana yake ni kwamba aliyebaki nyuma ndiye huanza kazi mapema kuliko wote na ndiye wa mwisho kupumzika. Hawezi kwenda kujitafutia yake kabla yule aliye mbele hajatua mahali. Ikiwa safari ya aliye mbele haina mwisho, ikiwa kila anapofika hutafuta pa kufika zaidi, basi kuna mtu nyumbani aliyefungwa uzito wa maisha. Pipa la zege halidhuriki kwa hilo. Dada hudhurika.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa kulabu halioni. Trekta lina magurudumu manne, lakini limesimama juu ya nukta tatu. Ekseli ya mbele imeshikwa katikati kwa pini moja ili iweze kupanda na kushuka pande zake ikifuata mashimo. Kwa hiyo mwili wa trekta unakalia magurudumu mawili ya nyuma na pini ile ya mbele. Mpishi yeyote wa jikoni kwa mama angelielewa mpango huo bila mchoro: mafiga matatu hukaa popote bila kuchezacheza, na jifya moja haliinjiki chungu. Lakini pembe nyembamba ya utatu huo iko mbele, upande uleule unaobeba mzigo. Robota likiyumba kando, au gurudumu moja likipanda kichuguu, dereva huweza asihisi chochote hadi ekseli igonge mwisho wa mchezo wake, na wakati huo onyo limechelewa. Kwa hiyo dereva mzoefu hushuka kwanza, akatembea kwa miguu njia atakayopita. Hukanyaga udongo. Historia yetu ina waliokataa kushuka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa mitambo ya kulima karanga, miongoni mwayo matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman, ikakuta mibuyu, mvua isiyotabirika na udongo ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kuvunja majembe. Januari 1951 mpango uliachwa, ukiwa umekula pauni milioni nyingi. Nguvu haikupungua Kongwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukanyaga udongo kabla ya kuwasha injini, au kumwuliza Mgogo, mwenyeji wa hapo, aliyekwisha kuukanyaga.

Watazamaji hushangilia mara mbili: mzigo unapoachana na ardhi na unapofika juu. Sehemu ngumu iko katikati, mkono unapokuwa sambamba na ardhi, kwa sababu hapo ndipo mzigo unapokuwa mbali kabisa na mashine. Injini hubadilisha sauti, moshi huwa mweusi, na hapo hakuna makofi. Nawafikiria walio katikati: mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye furaha ya kuchaguliwa imekwisha na cheti kiko mbali, ushirika uliokwisha kutumia mtaji wa kwanza na haujapata faida, nchi iliyotoka katika jambo moja na haijafika katika jingine. Wengi wa walioachiwa waliachiwa hapo, na sisi tukadhani walishindwa. Na kuna kushusha, ambako hakuna anayekwenda kukutazama. Aliye juu mngoje chini, husema watu, wakimaanisha ataporomoka tu siku moja. Dereva hairuhusu methali hiyo karakanani mwake; chini ya mzigo hangojwi mtu, maana paipu ya mafuta ikipasuka mzigo haumchagui wa kumwangukia. Yeye hufungua valvu kidogo kidogo, akijua kwamba mzigo unaoshuka kasi na kukamatwa ghafla huwa mzito kuliko ulivyokuwa ulipotulia. Mkonge haukupata dereva wa namna hiyo. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni katika miaka ya 1960, bei ikaanguka. Mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, mengine yakamezwa na pori, na kufikia miaka ya 1990 nchi ilikuwa ikitoa sehemu ndogo tu ya ilichotoa mwanzo. Mkonge haukushushwa, uliachiwa. Na waliokuwa chini yake, katika kambi za mashamba, ni walewale waliokuwa nyuma yake siku zote.

Kila msimu wa ahadi tunasikia kwamba tutainuliwa: vijana watainuliwa, wanawake, wakulima, wanyonge. Neno lenyewe halina kosa, na mtu asiyetaka kuinuliwa ni nadra. Ila nimeanza kulisikia kwa sikio la karakana. Anayeahidi kuinua atuambie yale ambayo fundi angeyasema kabla hajaulizwa: mkono wake una urefu gani, utabeba kilo ngapi ukiwa umenyooka, umesimama juu ya udongo wa namna gani, na mzigo utatuliwa wapi. Wengi watayajibu hayo, kwa maana wataalamu hukaa na namba tayari. Litabaki swali ambalo halimo katika vitabu vya mipango, nalo ni la nyuma: amefungwa nani? Akijibu kwamba hakuna, ama hajui kunyanyua, ama anajua na anaficha, kwa sababu hakuna kilichowahi kupanda bila kitu kingine kuzidishiwa uzito ili kisiondoke. Akitaja watu, tusishukuru haraka kwa ukweli wake. Twende kwao wenyewe, Songea au kokote waliko, tuwaulize kama waliombwa, fungu lao ni lipi, na ni lini wataruhusiwa kufunguliwa.